Usiikate hiyo bodi

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za Nyegezi? Picha zako zimefika. Ile ya mwisho nimeikuza kwenye simu mpaka nikaiona mistari ya penseli uliyochora kuzunguka daraja la gitaa lako, pale unapotaka fundi seremala apitishe rauta, mashine ya kuchimba mbao, ili Floyd Rose iingie, lile daraja la tremolo linalobana nyuzi kwa skrubu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu vijana wengine wa kwaya na bendi hapa Mwanza wananiuliza jambo hilohilo, na jibu langu kwenu nyote ni moja: usiikate hiyo bodi, yaani mwili wa gitaa. Kinachokusumbua hakiko kwenye mbao.

Umesema gitaa halishiki tyuni. Ukikandamiza mkono wa tremolo, kile kifimbo cha darajani cha kushusha noti, mara moja tu, ubeti unaofuata unauharibu. Nakuamini. Lakini sikiliza nyuzi zinakosea kuelekea wapi. Kandamiza mkono, uachie, kisha pima uzi wa tatu kwa tyuna. Ukiukuta uko juu kidogo, urekebishe, halafu uuvute kwa kidole kama unavyouvuta ukipiga solo, uachie, upime tena. Ukiukuta safari hii uko chini, jibu umelipata: nati inabana.

Nati ni kile kijipande cheupe cha plastiki kwenye mpaka wa shingo na kichwa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Ukikandamiza tremolo, uzi unalegea upande wa freti, vile vyuma vya shingoni, na ule upande wa funguo za kukazia nyuzi, ambao bado umekaza, unauvuta kupita kwenye mfereji. Ukiachia mkono, uzi unatakiwa uteleze urudi ulikotoka. Mfereji ukiwa mwembamba, uzi hautelezi. Unang'ang'ania hapohapo na noti inabaki juu. Ukiuvuta kwa kidole inakuwa kinyume chake: uzi unaingia upande wa freti, unakwama huko, noti inabaki chini. Na kama ukikaza ufunguo taratibu unasikia "tik" kabla noti haijapanda, huo ndio uzi ukijinasua kwenye nati. Nimelishika gitaa lako, na hiyo "tik" nimeisikia kwenye uzi wa tatu na wa nne.

Dawa yake iko buchani. Omba mfupa wa paja la ng'ombe, ule mnene wenye ukuta mzito. Usukumani hatujawahi kupungukiwa na ng'ombe. Uchemshe, ukwangue nyama na mafuta yote, uuloweke kwenye maji ya sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa, kisha uuanike kivulini, usiuweke juani ukapasuka. Kata kipande cha unene wa milimita 3 na kidogo, urefu kama milimita 42, uende ukikipunguza kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikae kwenye nafasi yake bila kucheza na bila kugongwa nyundo. Mifereji ndiyo kazi yenyewe. Kila mmoja uwe mpana kuliko uzi wake kwa unywele tu, chini uwe wa mviringo, na uteremke kidogo kuelekea kwenye funguo, ili uzi uguse kwa nguvu ule ukingo wa upande wa freti. Usipokuwa na tupa nyembamba za kazi hii, chukua nyuzi kuukuu zilizosokotwa, uzitumie kama msumeno, polepole, ukipima kila baada ya misuguano michache. Ukizidisha kina, uzi utaanza kugonga freti ya kwanza na itabidi uanze na mfupa mwingine. Mwisho sugua penseli ya 2B ndani ya mifereji. Ule unga mweusi ni grafiti, na uzi unaupenda.

Mfupa umetumika kwenye magitaa kwa karne nyingi, tangu kabla ya plastiki. Usidhani nakupa njia ya kimaskini.

Sasa njoo kwenye daraja lenyewe. Tremolo uliyonayo ni ya mtindo alioutoa Leo Fender mwaka 1954 kwenye Stratocaster: bamba lenye skrubu sita mbele, bloku ya chuma inayoning'inia ndani ya mwili, na springi nyuma zinazovutana na nyuzi. Fender alikuwa fundi redio huko California, wala hakuwa mpiga gitaa, lakini mpangilio wake bado unafanya kazi ukiwekwa sawasawa. Kwenye picha yako skrubu zote sita zimekazwa hadi mwisho, na hapo bamba haliwezi kuinuka na kushuka kwa uhuru. Legeza zile nne za kati zisiguse bamba kabisa, wakati bamba limelala kwenye mbao. Mbili za pembeni ziache ziliguse tu, bila kulibana.

Halafu springi. Umeweka tatu, na daraja linaelea. Ongeza ziwe tano, kaza zile skrubu mbili za kucha, kile kibamba cha nyuma kinachoshika springi, mpaka bamba lilale kwenye mbao na lisiinuke hata ukivuta uzi wa kwanza kwa nguvu zako zote. Nyuzi za 10 hadi 46 (huo ni unene wa uzi wa kwanza na wa sita, kwa sehemu za elfu za inchi) zikiwa kwenye tyuni ya kawaida zinavuta karibu kilo 46 kwa pamoja. Za 9 hadi 42 zinavuta karibu kilo 38. Springi zikizidi nguvu hiyo, daraja linatulia. Mkono utashusha noti tu, hautapandisha, na hilo ndilo nakuomba ulikubali.

Kwa nini? Kwa sababu ya muziki unaoupiga. Wewe unapiga sebene na mapambio, na ukiachiwa nafasi unapiga benga, muziki wa mwambao huu wetu wa ziwa. Daniel Owino Misiani aliyeupeleka mbali na Shirati Jazz alizaliwa hukohuko Shirati, mkoani Mara. Muziki huu unataka noti za haraka zilizo safi. Nyuzi mbili zinaimba pamoja, na kiganja kimelala kwenye daraja kubana mlio. Daraja linaloelea linagombana na mambo hayo yote mawili. Ukilaza kiganja, linazama na nyuzi zote zinapanda. Ukivuta uzi mmoja huku mwingine ukilia, ule mwingine unashuka na mnaachana njiani. Na uzi ukikatika katikati ya ibada, springi zinashinda, nyuzi tano zilizobaki zinapanda kwa pamoja, na huna gitaa mpaka wimbo uishe. Daraja lililolala halina habari na uzi uliokatika: unamalizia wimbo na tano zilizobaki.

Sisemi Floyd Rose ni kitu kibaya. Naiheshimu sana. Floyd Rose alikuwa mpiga gitaa wa roki aliyechoshwa na tatizo hilihili lako, na alikuwa na ujuzi wa kutengeneza vito, kwa hiyo akakaa na chuma mpaka akaitoa nati inayobana nyuzi kwa skrubu, na daraja linalozibana upande wa pili. Hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, ni ya mwaka 1979. Uzi uliobanwa kote kuwili hauna pa kuteleza, na ndiyo maana wapiga roki akina Eddie Van Halen waliweza kuzamisha mkono mpaka nyuzi zikalegea kabisa na bado zikarudi mahali pake. Kwa muziki ule, ni kifaa sahihi.

Lakini angalia kinachodai. Nati yake inataka ukate shingo pale penye wembamba kuliko mahali pengine pote, karibu na kichwa, na ule ni mti ambao hauurudishi tena. Daraja lake linasimama kwenye nguzo mbili kwa makali yaliyochongwa kama kisu. Ile halisi ni ya chuma kilichokomazwa, ila nakala za bei nafuu nyingi hutengenezwa kwa aloi laini ya zinki, makali yanaliwa mapema, na kuanzia hapo halirudi tena mahali pake. Kubadilisha uzi ni kukata kile kishikizo cha mwisho wa uzi, kufungua na kufunga kwa spana ya L, kisha kusawazisha upya. Na mwalimu wa kwaya akikuambia "shusheni nusu, sauti ya kwanza haifiki," utamwambia nini? Ukishusha uzi mmoja, nyingine zote zinapanda. Hiyo ni kazi ya kukaa mezani, na mimbarini hakuna meza.

Kama bado unataka kununua kitu, nunua tremolo nyingine ya skrubu sita yenye bloku nzito ya chuma, maana ile yako ni ya aloi na mistari ya skrubu ndani ya tundu la mkono imeshalika, ndiyo sababu mkono unacheza. Kabla ya kutuma hela, pima. Chukua rula ya chuma, weka kwenye kitovu cha skrubu ya kwanza, soma kwenye kitovu cha ya sita. Ni milimita 52.5 au ni karibu 56? Hivyo ndivyo vipimo viwili vinavyozunguka zaidi sokoni, na kimoja hakiingii kwenye matundu ya kingine. Pima na unene wa bodi. Stratocaster ya kawaida ina karibu milimita 45. Magitaa mengi ya bei nafuu ni membamba zaidi, na bloku ndefu itatokeza mgongoni. Ukikosa inayolingana, kuna mafundi wa kerezo kule Nyakato wanaoweza kukuchongea bloku ya chuma kwa kufuata ya zamani, mradi uwapelekee mfano wenyewe mkononi, usiwaelezee kwa mdomo.

Chrome isikuumize kichwa. Ndugu zetu wa Pwani wanapigana na chumvi. Ziwa letu ni maji baridi, na adui wa vyuma vyako ni jasho la mkono wako mwenyewe. Futa daraja kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Funguo ulizonazo zinatosha: zungusha uzi mara mbili au tatu kwenye mhimili, mizunguko ishuke chini bila kupandana, halafu uvutevute uzi mpya kwa mkono mpaka uache kushuka.

Nyuma, kwenye ile kucha ya springi, kuna waya mmoja mweusi. Usiung'oe. Huo ndio unaounganisha nyuzi na ethi ya jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, na ukikatika gitaa litavuma. Ukilazimika kuuchomelea upya, kwangua chuma mpaka king'ae na tumia pasi ya wati 60. Ya wati 25 haiwezi kukipasha moto chuma kile na risasi haitashika. Na ukigusa maikrofoni kwa midomo ukapigwa shoti, acha kupiga hapohapo. Hapo mwenye kosa ni umeme wa ukumbi au amplifaya isiyo na ethi. Mwambie mwenye ukumbi aite fundi umeme, na usikubali kuambiwa eti utazoea.

Floyd Rose ikiendelea kukunyima usingizi, tuijengee bodi yake kuanzia mwanzo. Tutatafuta mninga uliokauka vizuri, vipande viwili vilivyogandishwa katikati, kwa sababu mninga hausinyai wala kujipinda sana unyevu unapobadilika kati ya kiangazi na masika. Matundu tutayatoboa kwa vipimo vyake tangu siku ya kwanza. Utavaa barakoa, vumbi la mninga linachoma kifua. Kazi hiyo nitaifanya na wewe kwa moyo wote.

Kwa sasa futa mistari ya penseli. Jumamosi njoo Kirumba na gitaa, seti mpya ya nyuzi za 10, springi mbili za kuongeza, na ule mfupa ukiwa umeshakauka. Tupa na msasa ninavyo. Mama yako mpe salamu, mwambie nitampigia.

Mjomba wako