Sauti Zilizonitisha Kuliko Picha

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Bahati,

Salaam nyingi, na natumaini wewe na wa nyumbani hamjambo. Katika barua yako uliniuliza iwapo mchezo wa kusikiliza tu unaweza kumtisha mtu aliyekwisha kuwaona Cybermen, wale binadamu waliogeuzwa nusu mashine, kwa macho, nami sikutaka kukujibu kabla sijausikiliza mmoja hadi mwisho. Unaitwa Spare Parts, mwandishi wake ni Marc Platt, na kampuni ya Big Finish ya Uingereza iliutoa mwaka 2002 katika mfululizo wake wa michezo ya Doctor Who, ile tamthilia ya televisheni ya Uingereza kuhusu Daktari anayesafiri katika wakati. Niliusikiliza melini, safari ya kwenda Nansio, spika zikiwa masikioni.

Utakumbuka tulivyocheka katika banda la video tulipowaona Cybermen wale wa kwanza wa mwaka 1966, nyuso zimefunikwa kitambaa, taa kubwa utosini, na mikono mitupu ya binadamu ikichungulia kwenye vazi la fedha. Kicheko hicho hakikunijia safari hii, kwa kuwa hapakuwa na vazi la kulicheka. Kit Pedler, mwanasayansi aliyewabuni pamoja na Gerry Davis, alikuwa akiwaza ni viungo vingapi mtu anaweza kubadilishiwa kabla hajaacha kuwa mtu, na Platt amelirudia wazo hilo kwenye chimbuko lake: sayari ya Mondas, pacha wa Dunia, imeelea mbali na jua, watu wake wamejificha chini ya ardhi, na miili yao iliyodhoofika ina viraka vya vyuma. Hakuna anayevamiwa. Wanageuzwa na serikali yao wenyewe, kwa sababu kuna kazi ya kufanywa juu kwenye baridi ambayo mwili wa kawaida hauiwezi.

Uzito wote wa mchezo umo katika nyumba ya mzee Hartley, ambaye binti yake Yvonne, mwenye afya dhaifu, anaitwa kwenda kujiunga na vikosi vya kazi. Nisamehe kwa kukufichulia, lakini siwezi kukueleza ubora wa kazi hii bila kulitaja tukio hili: Yvonne anarudi nyumbani akiwa amekwisha kugeuzwa, ingawa kumbukumbu zake hazijafutika zote, na baba yake anamtambua. Nicholas Briggs, anayewasemea Cybermen, ameirudisha ile sauti ya 1966 inayopanda na kushuka pasipo maana. Sisi ambao mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hebu fikiri mwanao akikuita “baba” huku mkazo ameutupa pasipostahili, na bado ujue kwamba ni yeye. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu na furushi la vitenge aliniangalia, kisha akaniuliza kwa upole kama nimepata habari za msiba.

Aliyenivutia zaidi baada ya familia hiyo ni Doctorman Allan, msimamizi wa ugeuzaji, anayeigizwa na Sally Knyvette. Angeweza kuandikwa kama katili wa kawaida, lakini huyu ni mwanamke aliyechoka, mpenda mvinyo, anayejua vizuri anachokifanya na hana njia nyingine ya kuwaokoa watu wake.

Kasoro zipo. Vikao vya watawala vinachosha, na sauti kadhaa za wanaume zinafanana mno, hata mara mbili nilirudisha nyuma ili nijue ni nani aliyesema nini. Katika michezo ya redio tuliyokulia nayo wahusika walikuwa wakitajana majina, na sasa naiona faida yake. Vilevile mabishano ya Peter Davison, ambaye ndiye Daktari, na Sarah Sutton, anayeigiza kama Nyssa, msafiri mwenzake, yatakupita kando usipokumbuka kwamba mwenzao Adric alikufa katika kisa cha Cybermen cha mwaka 1982. Nyssa anataka waingilie kati. Daktari, anayejua historia itakavyokwenda, anasita, na kusita kwake kulinikera kuliko nilivyotarajia.

Nikija huko nitakuletea mchezo huu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Usiusikilize ndani ya daladala, maana kelele za kondakta zitakumezea minong'ono ya Hartley, na minong'ono hiyo ndiyo ninayotaka uisikie.

Wako,
Kulwa