Barua kwa Ndahani: PS5 yako na ile NAT ya 3

Kisasa, Dodoma
Jumamosi asubuhi

Kaka Ndahani,

Mbukwenyi! Ujumbe wako umefika, na picha ya skrini nimeiona. Unasema PS5 inaandika NAT Type 3, yaani daraja lililobana kuliko yote, ukiunda chumba cha mechi washikaji hawaingii, sauti za maiki zinapotea, na hata ukifanikiwa kucheza, gemu linaganda kila siku kuanzia saa mbili usiku. Kaka, hayo ni magonjwa mawili. Wa kwanza ni wa mlango: wenzako hawana pa kuingilia. Wa pili ni wa foleni: njia ipo lakini imejaa. Dawa ya mmoja haitibu mwingine, ndiyo maana yule fundi wako amefungua poti zote (vijilango vya namba ambavyo data hupitia) na bado mpira unaganda.

Tuanze na mlango. Poti ziache kwanza, soma namba moja tu. Simu yako ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta. Nyingi hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile za Huawei za laini ya simu mara nyingi ni 192.168.8.1. Nywila nayo iko kwenye stika, kama hakuna aliyeibadilisha. Ukishaingia, nenda ukurasa wa hali ya ruta, tafuta mstari wa WAN IP, yaani anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje, uandike namba hiyo kwenye karatasi. Halafu, bila kutoka kwenye Wi-Fi hiyo, tafuta Google "what is my IP" uone namba ambayo dunia inakuona nayo. Ikikuletea kitu kirefu chenye herufi na nukta pacha, hiyo ni IPv6. Tafuta tovuti inayoonyesha IPv4, yaani namba nne zenye nukta kati.

Sasa linganisha. Zikifanana, furahi: tatizo lako liko ndani ya nyumba na unalimaliza leo. Zisipofanana, angalia WAN IP inaanzaje. Ikianza na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, karibu hakika kuna ruta nyingine mbele ya ruta yako. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kwa kawaida mlango wako umefungwa na kampuni ya mtandao, nawe huna ufunguo.

Fikiria nyumba ya kupanga. Vyumba kumi, geti moja, anwani moja kwa barabarani. Mpangaji akitoka kwenda dukani, anayemletea chenji anajua amfuate chumba kipi, kwa sababu ametoka mwenyewe na ameonekana. Lakini mgeni anayebisha bila kuitwa haruhusiwi, maana hakuna anayejua anamtaka nani. Hiyo ndiyo NAT. Kuvinjari tovuti ni kwenda dukani, haidhuriki kamwe. Chumba cha mechi unachokiandaa wewe ni wageni wanaobisha. Zile namba za 10 na 100.64 maana yake mtaa mzima umezungushiwa ukuta mwingine, geti lake liko kwenye kampuni, na nyumba mamia zinatumia anwani moja. Wataalamu wanaita CGNAT. Kampuni hazifanyi hivyo kwa roho mbaya: anwani zote za IPv4 duniani ni takriban bilioni 4.3 na zimeshagawiwa, na hilo fungu la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo.

Tuchukue kwanza hali nyepesi, namba zinafanana. Washa UPnP. Kwenye ruta nyingi imefichwa kwenye mipangilio ya juu, sehemu ya NAT au ya usalama. Hii inairuhusu PS5 yenyewe kumwambia mlinzi wa geti, "leo nategemea wageni, waelekeze kwangu." Hifadhi, zima ruta, hesabu sekunde 30, iwashe, ngoja dakika mbili. Kisha zima PS5 kabisa, isiwe kule kusinzia kwa taa ya chungwa, ndipo uiwashe. Wengi hukosea hapa: wanawasha UPnP, hawazimi mashine, wanapima upya, wanaona 3 ile ile, wanasema UPnP haifanyi kazi. Kupima unaingia Settings, Network, Connection Status, Test Internet Connection. Unachotafuta ni NAT Type 2. Type 1 ni ya mashine isiyo nyuma ya ruta yoyote, usiihangaikie.

UPnP ikigoma, fungua poti kwa mkono, lakini kwa mpangilio. Anza kuipa PS5 anwani isiyobadilika. Kwenye ukurasa wa DHCP (kigawa anwani cha ruta) kuna mahali pa kuhifadhi anwani: unaweka MAC ya PS5, yaani namba yake ya utambulisho, ambayo utaiona kule kule Connection Status, unaipa mfano 192.168.1.50. Ukiruka hatua hii, umeme ukikatika ruta itagawa anwani upya, simu ya shemeji itachukua 50, na poti ulizofungua zitaelekea kwake. Angalia pia unatumia MAC ipi: ya waya na ya Wi-Fi ni tofauti, ndani ya mashine ile ile moja.

Kisha elekeza kwa 192.168.1.50 poti hizi (UDP na TCP ni njia mbili za kusafirisha data): UDP 3478 na 3479, TCP 3478 hadi 3480. Sony wanataja pia TCP 80 na 443, lakini hizo PS5 inazitumia kwenda nje tu, haihitaji zifunguliwe za kuingilia. Ukizifungua unaweza kugombana na ukurasa wa ruta yenyewe. Baadhi ya magemu ya risasi yanataka 3074 ya UDP, iongeze kama unayacheza. Mdogo wako akija na Xbox, nayo inategemea 3074, na poti moja haiwezi kuelekezwa kwa mashine mbili. Hapo rudi kwenye UPnP, au kwenye mipangilio ya mtandao ya Xbox chagua poti mbadala.

Huyo fundi naona amekuwekea UPnP, poti za mkono na DMZ kwa pamoja. Chagua moja. DMZ ni kuondoa mlinzi kabisa na kuelekeza wageni wote chumba kimoja. Kwa PS5 inavumilika, kwa kompyuta usithubutu. Na ukiwa humo humo, badilisha nywila ya ruta, maana ile ya stika wapangaji wote wanaijua.

Hali ya pili, ruta mbili. Hii imejaa Dodoma: kampuni ya faiba inafunga kiboksi chake sebuleni, Wi-Fi haifiki chumbani, mtu ananunua ruta ya pili na kuchomeka waya kwenye tundu la WAN. Mageti mawili, moja nyuma ya jingine. Igeuze ya pili iwe kipaza Wi-Fi tu. Ikiwa na kitufe cha hali ya Access Point, bonyeza umemaliza. Kama haina, ipe anwani 192.168.1.2 (au nyingine ya fungu moja na ya ruta ya kwanza), zima DHCP yake, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN uweke kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya ndani. Kila kitu sasa kinapewa anwani na ruta moja.

Hali ya tatu ndiyo naihofia kwako, kwa sababu uko kwenye ruta ya laini ya simu, na 4G karibu zote ziko nyuma ya CGNAT. Ikiwa namba inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, futa poti zote alizofungua fundi, hazifanyi lolote. Ni kama kufungua mlango wa chumba wakati geti la mtaa lina kufuli. Piga huduma kwa wateja, lakini usiseme "nifungulieni poti", watakuzungusha hadi dakika ziishe. Sema hivi: "Nahitaji anwani ya IP ya umma kwenye laini yangu. Mnatoa, na ni shilingi ngapi kwa mwezi?" Wakisema wanatoa kwa wafanyabiashara tu, ulizia faiba kama imefika Nkuhungu mtaani kwako, na swali liwe lile lile kabla hujalipa.

Ikishindikana, unaishi nayo hivi: mwenzako mwenye Type 2 au 1 ndiye aunde chumba, wewe ujiunge. Wawili wa Type 3 hawakutani wenyewe kwa wenyewe. Magemu yanayotumia seva za kampuni hayajali sana mlango wako, kwani nyote mnakwenda dukani. Yanayolalamika ni yale ambayo mashine ya mchezaji mmoja ndiyo mwenyeji. VPN (huduma ya kupitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali) inayokupa poti inafungua njia, lakini inaongeza safari, na wewe tayari una foleni.

Haya, foleni. Chukua ile kompyuta yako ya Windows, ichomeke kwenye ruta kwa waya, fungua dirisha la amri, andika ping -n 50 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako). Ping hupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kwa waya majibu yawe milisekunde 1 au 2, yote 50 yarudi. Rudia kwa Wi-Fi ukikaa pale PS5 ilipo. Yakiruka 4, 90, 6, 140, umempata mwizi: ni Wi-Fi, na kampuni haihusiki. Nyumba zetu za tofali za saruji zenye nondo zinameza GHz 5 haraka. Chumba kimoja inapita, cha pili inazimia. GHz 2.4 inapenya zaidi, ila majirani wote wako humo. Chagua chaneli 1, 6 au 11, zilizobaki zinaingiliana.

Dawa ya kweli ni waya. Cat5e inatosha, hadi mita 100, iwe shaba tupu. Ule wa bei ya kutupa huwa ni alumini iliyopakwa shaba, unakatikia kwenye kichwa. Ukibana vichwa mwenyewe, pande zote mbili fuata mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ruta yenye matundu ya gigabiti ikikuonyesha Mbps 100 badala ya 1000, mara nyingi kuna uzi mmoja wa buluu au kahawia haujashika. Kwa kucheza hutaona tofauti, utaiona siku ya kupakua gemu, kama laini yako inazidi 100.

Waya ukiwa safi, jaribio la pili. Andika ping -t 8.8.8.8 na uiache ikikimbia. Mwambie shemeji atume video ndefu WhatsApp. Ikipanda kutoka 50 hadi 600, hiyo ndiyo saa mbili yako ya usiku: watu wamerudi, simu zinapandisha picha za siku nzima, na ruta inazipanga zote kwenye mstari mrefu, pasi yako ikiwa nyuma yao. Gemu lenyewe halihitaji hata Mbps 1, linachotaka ni kutosubirishwa. Kwa hiyo kununua bando la kasi kubwa hakutibu sana.

Pima kasi ya kupandisha hiyo hiyo saa mbili usiku, isiwe alfajiri. Ikiwa Mbps 5, ingia QoS ya ruta (sehemu ya kupanga nani atangulie), weka kikomo cha jumla asilimia 85, yaani 4.25, na PS5 ipewe kipaumbele cha juu. Ruta isipokuwa na QoS, tafuta udhibiti wa kasi kwa kila kifaa na zipe simu Mbps 1 kila moja. Inaonekana kama unajinyima, lakini mstari sasa unapangwa kwako, mahali unapoweza kuamua nani atangulie. Laini ya 4G kasi yake hupanda na kushuka, hivyo kaa chini zaidi, hata 70.

Ikiwa ping inayumba hata watu wote wamelala, soma ukurasa wa mawimbi wa ruta. RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, ya -85 ni nzuri, -110 ni ya kulia. SINR, yaani usafi wa mawimbi dhidi ya kelele, ikiwa chini ya 0, hamisha ruta: dirishani, upande wa mnara, mbali na paa la bati na nyuma ya TV. Sogeza nusu mita, soma, sogeza tena.

Kuna kiasi ambacho hakipungui. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde. Johannesburg iko takriban kilomita 2,400 kutoka hapa ukipita angani, kwenda na kurudi milisekunde 24, na faiba haipiti angani, inashuka Dar ndipo izame baharini. Ulaya, mfano London, ni zaidi ya 7,000, kwa hiyo anza na 70 hata kabla ya kuhesabu mzunguko wa Bahari ya Shamu. Gemu likikuruhusu kuchagua eneo, jaribu la Afrika Kusini. Na siku nchi nzima inaganda, kama Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, acha ruta ipumzike.

DNS (kitabu cha kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) ya 1.1.1.1 wanayokutangazia haipunguzi ping ya mechi, inasaidia tu kuingia kwenye akaunti DNS ya kampuni ikilala. Umeme je? Ruta nyingi zinakula volti 12. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inatosha, ila linganisha ampea na unene wa pini na vya adapta. Ikizimika hata hivyo, washa ruta kwanza, PS5 ya mwisho. Na lipulize lile vumbi la Nkuhungu kwenye matundu yake.

Ukishasoma WAN IP, nitumie namba mbili za mwanzo tu, zinanitosha. Msalimie shemeji, umwambie video yake ya majaribio iwe ndefu.

Wako,
Mazengo