Yaya, ile mashine yako ya Katuba imewaka

Yaya,

Mkubwa wangu, najua huko Kolwezi husomi mambo haya, lakini watoto wako watakuonyesha kwenye simu. Ile kompyuta yako ya 486 ya kuchapia TFC (kazi za kumalizia masomo) za wanafunzi, iliyokaa miaka yote juu ya kabati la mama ikifunikwa kitenge, imewaka. Tena kwa diski yake yenyewe, si kwa diskete.

Unamkumbuka fundi aliyesema diski imekufa, akataka kuifomati? Ahsante sana kwa kumkatalia. Diski haikufa. Mashine ndiyo iliyosahau kwamba ina diski.

Nilipoifungua nilikuta ile betri ndogo ya pipa imevuja, imeacha ukoga wa kijani kwenye bodi mpaka karibu na tundu la kibodi. Nikaikata, nikasugua kwa mswaki na maji ya ndimu, halafu spiriti, nikaiacha ikauke siku mbili. Ndimu si uchawi: uchafu wa betri za aina hiyo ni wa alkali, na asidi huutuliza.

Kisha diski. Mara ya kwanza haikuzunguka kabisa. Vichwa vyake hulala juu ya sahani, na vikilala miaka mingi hunata. Nikaitoa, nikaishika kiganjani, nikaizungusha kwa ghafla kidogo kama mtu anayefungua chupa, mara mbili. Nilipowasha tena ikalia ule mlio wake, unaujua. Mama alitoka jikoni akauliza kama umerudi.

Lakini diski kuzunguka hakutoshi, skrini bado ilisema haioni kitu. Mashine nyingi za wakati ule haziiulizi diski wewe ni nani. Zinangoja uziambie: silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Habari hiyo hukaa kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri, na betri ikifa, inafutika. Yako ni Seagate ST3144A. Nikatafuta kwenye intaneti: 1001, 15, 17. Zidisha hizo, kisha mara baiti 512, unapata megabaiti 130 na ushee. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua aina ya 47, ile inayokuachia uandike tarakimu mwenyewe. Nadhani yule fundi alichagua tu aina mojawapo iliyokuwa tayari kwenye orodha, akaona haisomi, akatangaza msiba.

C:, yaani diski yenyewe, ikatokea. Nilipiga kelele, majirani ni mashahidi.

Sasa sikia. Nilipokuwa narudisha kifuniko, nikaona kwa ndani plasta iliyozeeka, na maandishi yako ya biki: 1001 15 17. Kumbe betri ilikufa zamani, mikononi mwako! Zile asubuhi ulipokuwa unainamia kibodi kabla ya wateja kuingia, mimi nikidhani ni neno la siri, ulikuwa unaikumbusha mashine diski yake. Nami nafanya vilevile sasa, maana betri mpya sijaweka, na kila delestaji, umeme ukikatwa, inanirudisha mwanzo. Nimezikariri kuliko namba yangu ya simu.

Nilitaka kunakili vyote kwa adapta ya USB, ikakataa. Adapta hizo zinataka diski zinazojua LBA (kuita kila sekta kwa namba moja tu, bila silinda na vichwa), na hii ni ya kabla ya hapo. Basi nabeba diskete moja moja mpaka kwenye kompyuta ya binti yangu. Faili zako za WordPerfect 5.1, ile programu yako ya kuandikia, zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya siku hizi, hata aksenti za Kifaransa hazikupotea.

Za wanafunzi sina haja nazo. Ila kuna zile barua ulizomwandikia baba alipokuwa Kipushi: PAPA, PAPABIS, PAPAENCO, na nyingine sita. Nimesoma mbili, nikaacha. Zote tisa zina tarehe moja, tarehe 1 Januari 1980, siku ambayo DOS, mfumo wa mashine hiyo, huanzia isipoambiwa kitu. Tarakimu za diski ulikuwa unaandika kila asubuhi, tarehe hukuijali hata siku moja.

Kwa hiyo nakuuliza, mama anataka nimsomee kwa mpangilio: ile ya kuomba msamaha, uliituma kabla ya ile ya pesa, au baada?