Risala ya Umoja wa Mashabiki kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Mahudhurio na Hamasa ya Uwanja wa Nyumbani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wa klabu,
Walimu na wachezaji wa timu yetu,
Wazee wetu, mashabiki wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kufunga msimu pamoja nasi, licha ya majukumu mengi yanayokukabili. Umoja huu ni wa mashabiki wa kawaida. Wapo vijana wa ngoma na tarumbeta, wapo akina mama walioanza kuja uwanjani kabla wengi wetu hatujazaliwa, na wapo watoto wanaobebwa mabegani ili waone goli. Bendera tunashona kwa michango yetu wenyewe, timu ikicheza ugenini tunaisindikiza, na hakuna anayelipwa kwa kuimba. Kuhusu sisi hayo yanatosha, kwa kuwa jambo lililotusimamisha mbele yako leo ni uwanja wetu wa nyumbani, ambao katika misimu ya karibuni majukwaa yake yamekuwa na mapengo hata pale timu inapofanya vizuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, yapo maelezo yanayotolewa mara kwa mara kwamba watu hawaji kwa sababu mapenzi yao kwa timu yamepoa. Hatukubaliani nayo. Watu hao hao wanaifuatilia timu kila siku, wanajua nani ameumia na nani anatumikia kadi, na usiku wa kufungwa hawapati usingizi. Kilichopungua ni sababu ya kutoka nyumbani, kupanga foleni ndefu, kusukumwa mlangoni, kukaa mahali ambapo nguzo imeziba goli, kisha kurudi usiku bila kujua atatokea geti gani. Imani yetu ni kwamba mahudhurio hayaletwi na matangazo peke yake. Yanajengwa na namna shabiki anavyopokewa tangu anaponunua tiketi hadi anapotoka salama, na hamasa ya uwanja ni matokeo ya mapokezi hayo.

Wapo watakaouliza kama kelele za mashabiki zina uzito wowote kwenye matokeo, au ni mapambo tu. Swali hilo lilijibiwa mbele ya macho ya dunia nzima mwaka 2020. Ligi kuu ya Ujerumani ilipokuwa ya kwanza miongoni mwa ligi kubwa za Ulaya kurejea baada ya kusimama kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, katikati ya mwezi Mei, mechi zilichezwa bila watazamaji. Katika mechi 9 za raundi ile ya kwanza, mwenyeji aliyeshinda alikuwa mmoja tu, Borussia Dortmund, aliyeifunga Schalke mabao 4 kwa 0. Nyasi zilikuwa zile zile, vyumba vya kubadilishia nguo vile vile, na wageni walisafiri kama kawaida. Kilichoondolewa ni watu. Wachambuzi waliozipima mechi za kipindi kile katika ligi mbalimbali walikuta pia kwamba wageni walipewa kadi za njano chache kuliko walivyozoea kupewa mbele ya majukwaa yaliyojaa.

Miaka mingi kabla ya hapo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Uingereza, waamuzi 40 wenye sifa walionyeshwa kwenye video matukio 47 ya wachezaji kugongana, wengine wakisikia kelele za uwanja na wengine video ikiwa kimya. Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji makosa pungufu kwa takriban asilimia 15. Hatulitaji hili kwa kuwa tunataka upendeleo, la hasha. Mwamuzi mzuri ni yule asiyeyumbishwa na mtu. Tunalitaja ili ieleweke kwamba sauti inayotoka jukwaani inaingia uwanjani na kufanya kazi, na kwamba klabu inayoacha majukwaa yake matupu inajivua faida ambayo haikulazimika kuisajili kwa fedha.

Hata hivyo, Ndugu Mgeni Rasmi, uwanja kujaa ni jambo moja na uwanja kuimba ni jambo jingine, na hapa tunaomba utuvumilie tueleze kwa undani kidogo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaa la nyuma ya goli moja hadi la goli la pili, ukijumlisha uwanja wenyewe na nafasi iliyopo pande zote mbili, ni zaidi ya mita 150. Kwa hiyo wimbo ulioanzishwa upande huu humfikia mwenzetu wa upande ule umechelewa karibu nusu sekunde. Naye akiitikia kwa kufuata alichosikia, jibu lake linaturudia likiwa limechelewa maradufu, na kibwagizo kinavunjika kabla hakijashika. Ndiyo maana mashabiki wanaoimba wakitawanywa uwanja mzima, kila mmoja kwenye kiti kilichoandikwa namba yake, sauti zao zinauana. Wakikusanywa jukwaa moja, ngoma ikawa katikati yao, wimbo unasimama, na majukwaa mengine yanaufuata.

Anayeongoza wimbo kwa kawaida hautazami mchezo. Anasimama ngazi ya chini kabisa, mgongo wake ameuelekeza uwanjani, anasoma nyuso zetu ili ajue kama timu imepata mpira au imepokonywa. Tukipata kona anainua mkono mmoja, mpiga ngoma anapunguza, jukwaa linashusha sauti hadi inakuwa mnong'ono, na mpigaji anapoanza kuukimbilia mpira mkono unashuka na jukwaa zima linalipuka kwa pamoja. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Linahitaji watu wanaojuana, waliosimama mahali pamoja kila mechi, msimu baada ya msimu, hata wanapofungwa. Jukwaa la kusini la Dortmund, ambalo watu hulifahamu kwa jina la Ukuta wa Njano, huchukua karibu mashabiki 25,000 waliosimama, na limefika lilipofika kwa sababu klabu ililiacha libaki la kusimama na la bei ya chini wakati wengine walikuwa wanang'oa majukwaa ya aina hiyo na kuweka viti vya gharama.

Ombi letu la kwanza linatokana na hayo. Tunaomba jukwaa moja la nyuma ya goli litengwe rasmi kwa mashabiki wanaosimama na kuimba, lisiuzwe kwa namba za viti, liruhusiwe ngoma na bendera, na mbele ya kila safu viwekwe vyuma vya kushikilia ili goli likiingia watu wasiporomoke kwenda chini. Vyuma vya namna hiyo vinatumika Ujerumani kwa miaka mingi, na Uingereza, iliyokuwa imelazimisha majukwaa yote yawe ya kuketi katika madaraja ya juu, ilianza kuruhusu tena majukwaa ya kusimama yenye vyuma hivyo mwaka 2022. Yeyote anayetaka kuketi kwa utulivu ana haki yake na asisumbuliwe. Majukwaa ni mengi.

Kuhusu kiingilio tutasema kwa ufupi, ingawa tunajua ndipo penye mvutano. Februari 2016 wamiliki wa Liverpool walitangaza kwamba tiketi ya juu kabisa itapanda hadi pauni 77. Katika mechi dhidi ya Sunderland, ilipotimu dakika ya 77, mashabiki wapatao 10,000 walinyanyuka na kutoka nje. Wakati huo Liverpool ilikuwa inaongoza kwa mabao 2 kwa 0. Mechi ikaisha 2 kwa 2, na siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kufuta mpango huo. Hatudai kwamba mabao yale mawili yalifungwa kwa sababu watu walitoka. Tunachosema ni kwamba klabu inapopanga kiingilio ipime pia thamani ya mtu atakayekosekana, maana kiti kilichouzwa kwa bei kubwa kwa mtu anayekuja mara moja kwa msimu hakiwezi kulinganishwa na nafasi ya kijana anayekuja kila mechi na sauti yake. Tunaomba iwepo tiketi ya msimu ya bei nafuu kwa jukwaa la kuimba, na watoto wanaofuatana na wazazi waingie kwa kiasi kidogo au bila malipo.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunaomba tuzungumzie usalama, jambo ambalo kwetu ni zito kuliko mengine yote, kwa sababu katika historia ya mpira mashabiki wengi wamekufa si kwa kupigana bali kwa milango. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, msongamano nje ya mageti machache ulipozidi, geti la kutokea lilifunguliwa ili watu waingie, nao wakafuata njia iliyowapeleka moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati vilivyokuwa vimekwisha kujaa, mbele yao kukiwa na uzio wa chuma. Watu 97 walipoteza maisha. Mashabiki wenyewe walibebeshwa lawama kwa miaka mingi, hadi mwaka 2016 jopo la mahakama ya uchunguzi wa vifo lilipotamka kwamba mwenendo wao haukuchangia maafa yale. Tarehe 9 Mei 2001 mjini Accra, katika mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko, mabomu ya machozi yalirushwa majukwaani dakika za mwisho, watu wakakimbilia milango waliyoikuta imefungwa, na zaidi ya watu 120 wakafa.

Tunayasema haya kwa uchungu, na kwa sababu tunayaona mazingira yanayofanana nayo. Siku za mechi kubwa mageti yetu yanafunguliwa yakiwa machache na kwa kuchelewa, halafu watu wote wanalundikana pale pale muda mfupi kabla ya kipenga cha kwanza. Baadhi ya milango ya kutokea hufungwa kwa kufuli wakati mechi inaendelea ili wasio na tiketi wasipenye. Tunaomba mageti yafunguliwe mapema na yote kwa pamoja, kila mlango wa kutokea uwe na mtu aliyesimama mwenye ufunguo kama haiwezekani kuuacha wazi, tiketi zinazouzwa zisizidi nafasi zilizopo, na msongamano ukizidi nje, mechi icheleweshwe. Kuchelewesha mechi kwa nusu saa hakujawahi kumuumiza mtu. Tunaomba pia walinzi wa uwanjani wafundishwe kuzungumza na watu kabla ya kuwasukuma, na vyoo vya wanawake viongezwe, kwani dada zetu wengi wameacha kuja kwa sababu hiyo moja ambayo viongozi hawaitaji kamwe.

Tukiwa bado kwa akina dada, tunaiomba klabu iiruhusu timu ya wanawake icheze angalau mechi zake kubwa katika uwanja mkuu. Barcelona wanawake kwa kawaida huchezea uwanja mdogo wa watu wapatao 6,000, lakini walipofunguliwa Camp Nou, uwanja mkuu wa klabu yao, tarehe 22 Aprili 2022 dhidi ya Wolfsburg, waliingia watazamaji 91,648. Watu walikuwepo siku zote. Walikosa mlango wa kuingilia.

Nasi kwa upande wetu hatuji mikono mitupu. Umoja huu umekubaliana kwamba anayerusha chupa au kitu chochote uwanjani, anayemtukana mchezaji kwa rangi au asili yake, na anayewasha fataki katikati ya watu, atatolewa na sisi wenyewe kabla mlinzi hajafika, na jina lake litakabidhiwa kwa uongozi. Tumekubaliana pia kwamba mashabiki wageni watapokewa na kuonyeshwa jukwaa lao, maana mechi isiyo na sauti ya upande wa pili nayo hupoa. Suala la kuizomea timu yetu wenyewe kabla ya kipenga cha mwisho tumekuwa tukiligombania kwa muda mrefu, na bado hatujaafikiana wote. Wengi wetu tunaamini kwamba mchezaji aliyekosea dakika ya 20 bado ana dakika 70 za kututumikia, na hakuna aliyewahi kucheza vizuri zaidi kwa kuzomewa na watu wa nyumbani kwake.

Jambo la mwisho ni kusikilizwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 mashabiki wa Ujerumani, wakipinga kanuni mpya za usalama ambazo waliona zimeandaliwa bila wao, walinyamaza katika viwanja vya nchi nzima kwa dakika 12 na sekunde 12 za mwanzo wa kila mechi. Waliotazama mechi zile walisikia viatu vikigonga mpira na makocha wakiita majina. Sisi hatutaki kufika huko, na hatuna sababu ya kufika huko iwapo mlango wa mazungumzo utakuwa wazi. Tunaomba mwakilishi mmoja wa mashabiki aalikwe katika kikao cha maandalizi ya kila mechi ya nyumbani, akae pamoja na uongozi, polisi na watu wa huduma ya kwanza, aeleze tunachokiona kutoka jukwaani na alete kwetu yaliyoamuliwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kuyafikisha haya panapohusika na, ikikupendeza, uusimamie wewe mwenyewe mkutano wetu wa kwanza na uongozi kabla ratiba ya msimu mpya haijaanza. Tunakualika pia katika mechi ya ufunguzi. Tunajua utatengewa kiti jukwaa kuu, lakini tunaomba kipindi cha pili uje usimame nasi nyuma ya goli. Skafu yako tumeiandaa, na utakabidhiwa mwishoni mwa risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.