Habari ya Chagos uliyoniuliza

Kilwa Masoko

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo, kusi linavuma na samaki wamepanda bei. Uliponiuliza kwenye simu habari ya Chagos, vile visiwa vya katikati ya Bahari ya Hindi, na watu wake waliohamishwa, nilikujibu kwa mkato, salio lilikuwa linaisha. Sasa nimekaa.

Watu wale walikuwa kama nyinyi wa Mafia: nazi, mbata na samaki. Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa vyao kutoka Mauritius kwa pauni milioni 3, miaka mitatu kabla ya kuipa uhuru. Mmarekani alitaka kituo cha kijeshi Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos, tena pasiwe na mtu. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wote waliondolewa. Aliyekwenda Mauritius kutibiwa aliambiwa hakuna meli ya kumrudisha. Waliobaki walipakiwa, wakashushwa Mauritius na Shelisheli.

Ila mimi kinachonikaa rohoni ni mbwa. Mwaka 1971 mbwa wa watu walikusanywa, mamia, wakafungiwa kwenye banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi wa magari. Banda la mbata, Hamisi! Wenye mbwa wakitazama, na meli inawangoja.

Na usidhani tuko mbali nao. Mwaka 1776 Sultani wetu hapa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, wa mashamba ya Mauritius na visiwa jirani. Baadaye kidogo, kutoka Mauritius hiyohiyo, Wafaransa wakapeleka watumwa Chagos, wengi wa Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Sisemi ni ndugu zetu, lakini nikivuka kwenda magofuni Kisiwani siku hizi nawawaza.

Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, rais wake akiwa Msomali, Abdulqawi Yusuf, iliiambia Uingereza iviachie visiwa haraka. Mei 2025 Uingereza na Mauritius wakatia saini mkataba: visiwa viwe vya Mauritius, Diego Garcia ikodishwe miaka 99. Kabla ya saini hiyo, wanawake wawili waliozaliwa palepale Diego Garcia walikimbilia mahakamani London kuipinga. Usiku jaji akazuia isitiwe, mchana zuio likaondolewa. Mkataba unaruhusu watu kurejeshwa visiwa vingine. Diego Garcia, hapana. Wanarudishiwa nyumba ya jirani!

Mzee hajambo? Lile banda lake la mbata bado limesimama? Nikija baada ya Idi unipeleke nilione.

Wako,
Saidi