Bima yenye kliniki isiamue rufaa gizani

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu kampuni za bima ya afya zinazoendesha kliniki zake zenyewe hapa Kenya. Mpango huu una faida zake: faili ni moja, dawa unazichukua papo hapo, na hutoi pesa mfukoni ukingoja kurudishiwa.

Tatizo ni rufaa. Anayekutibu ndiye pia anayelipa bili, kwa hivyo kukutuma kwa daktari bingwa aliye nje ya kliniki zake ni gharama kwake. Mama yangu, goti limemvimba, alikalishwa kwenye benchi hadi jioni akiambiwa tu kwamba idhini ya rufaa haijafika. Hakupewa sababu wala karatasi. Mgonjwa wa namna hii atalalamika akiwa na ushahidi gani?

Mamlaka ya Kudhibiti Bima izilazimishe kampuni hizi kutoa jibu la rufaa kwa maandishi, siku hiyo hiyo, likitaja sababu na jina la aliyeamua.

Msomaji,
Nakuru