Tochi ya betri za dukani: barua kwa Mwinjuma

Chumbageni, Tanga

Swahiba yangu Mwinjuma,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo hapo Bagamoyo, na afya ya bibi imekaa sawa. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila joto limezidi.

Umeniuliza ununue tochi gani: iwe na mwanga mkali, ikae mfukoni kila siku, na itumie betri ambazo utazikuta hata duka la mtaani. Umesema pia kuna muuzaji Kariakoo amekuonyesha moja iliyoandikwa lumeni 10000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), nayo inatumia betri moja ndogo. Usiinunue. Nakupa sababu kwa hesabu, maana ukiishika hesabu hii utaweza kuipima tochi yoyote ukiwa umesimama pale pale dukani.

Anza na betri. Betri ndogo ya AA ya kuchaji ina volti 1.2, na uwezo wake wa kawaida ni 2000 mAh, yaani ampea-saa 2. Zidisha, unapata wati-saa 2.4. Hiyo ndiyo nishati yote iliyomo. Taa nzuri ya LED, pamoja na saketi inayoiendesha, hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo betri moja imebeba lumeni 240 kwa saa moja, au lumeni 24 kwa saa 10, au mgawo wowote wa katikati. Lumeni 10000 zingetaka wati 100. Betri hiyo ingekauka ndani ya dakika moja na nusu, tena ingebidi itoe zaidi ya ampea 80, jambo ambalo AA haiwezi kabisa. Mtu aliyechapa uongo wa namna hiyo kwenye boksi, usimwamini pia anapoandika kwamba tochi yake haiingii maji.

Ninachokushauri ni tochi ya AA mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hapo una wati-saa 4.8: mwanga mkali wa lumeni 300 kwa saa moja na nusu hivi, au lumeni 50 za kutembelea kwa saa 8 hadi 9. Tochi ya AA moja ni fupi na inapotea vizuri ndani ya mfuko wa kanzu, lakini akiba yake ni nusu. Zile za AAA tatu, betri za rimoti, ziache. AAA tatu za kuchaji za 800 mAh zina wati-saa 2.9 tu, kidogo kuliko watu wanavyodhani, na zinakaa ndani ya kikapu cha plastiki chenye vispringi dhaifu. Kimoja kikishika kutu, tochi inazima. Betri kubwa za D zina nishati nyingi sana, ila ya alkaline moja tu ina uzito wa gramu 140 hivi, na hutaibeba kila siku.

Sasa sikiliza jambo la saketi, maana ndilo linalotenganisha tochi nzuri na mbaya. LED nyeupe inataka karibu volti 3. AA mbili zinatoa 2.4 hadi 3, na kadiri zinavyotumika volti zinashuka. Tochi nzuri ina saketi ya kupandisha volti na kushikilia mwanga mahali pamoja hadi betri zinapokaribia kwisha. Ya bei rahisi inaunganisha betri na taa moja kwa moja au kupitia rezista, kwa hiyo mwanga unashuka tangu dakika ya kwanza. Njia ya kujua dukani ni hii: nenda na betri mbili zilizotumika nusu. Washa tochi kwa betri mpya, mulika ukuta, kisha weka zako. Ukiona tofauti kubwa kwenye ngazi ya kati ya mwanga, irudishe.

Kuhusu betri zenyewe, soma herufi ndogo kwenye ganda. R6 ni ya kaboni na zinki. LR6 ni alkaline. HR6 ni ya kuchaji aina ya Ni-MH. Zote tatu zina umbo lile lile la AA, lakini tabia zake ni mbalimbali kabisa.

R6 ni nzuri kwa saa ya ukutani na rimoti. Kwenye tochi kali inafeli kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Lumeni 300 huvuta ampea moja na kitu, volti zinaanguka papo hapo, na mwanga unafifia kabla hujafika sokoni. Isitoshe, ganda lake la zinki ndilo linaloliwa wakati wa kazi. Likitoboka, majimaji yake yanamwagikia ndani ya tochi.

LR6 ina akiba kubwa ukiitumia polepole. Kwa lumeni 30 au 50 inakwenda vizuri. Ukiilazimisha mwanga wa juu, mara nyingi hupati hata nusu ya uwezo wake. Nayo pia huvuja, hasa ikiachwa ndani ikiwa imekwisha. Ukitaka kujua kama alkaline ni mpya, iangushe wima kutoka kimo cha sentimita chache juu ya meza ngumu: mpya inatua pu, iliyotumika inarukaruka. Kipimo hiki kinakwambia tu kwamba imetumika, hakikwambii imebaki kiasi gani, kwani ikifika nusu inaruka sawa na iliyokwisha.

HR6 ndiyo ya kwako. Volti 1.2 zinaonekana ndogo kuliko 1.5 za alkaline, lakini inazishikilia karibu hadi mwisho hata ikivutwa kwa nguvu, wakati alkaline imeshazama chini yake. Tafuta zile zinazouzwa zikiwa zimeshachajiwa kiwandani, kwa sababu hizo zinatunza chaji kwa miezi mingi. Za mtindo wa zamani zinapoteza chaji nyingi zenyewe ndani ya wiki chache kabatini. Chagua za 1900 hadi 2500 mAh. AA ya Ni-MH iliyoandikwa zaidi ya 3000 ni ndugu wa ile tochi ya lumeni 10000. Nunua nne: mbili ndani ya tochi, mbili zimechajiwa zinasubiri. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito, A na A, B na B, zisichanganyike. Jozi isiyolingana huharibika haraka, maana iliyo dhaifu inakwisha kwanza, kisha mwenzake anaisukuma umeme kinyumenyume. Ndiyo sababu pia mwanga ukianza kuanguka usikamue kilichobaki, badilisha.

Chaja iwe inayohudumia kila betri peke yake. Ishara yake ni taa nne kwa matundu manne. Chaja yenye taa moja kwa betri mbili inazichaji kama kitu kimoja, na moja itazidishiwa. Kwa mkondo wa 500 mA, betri ya 2000 mAh huchukua saa 4 hadi 5, na kwa umeme wetu wa kukatika uzuri ni kuchaji mara unapotoa jozi, usingoje jioni.

Sababu kubwa ya mimi kupenda AA ni kwamba siku chaja iko mbali, LR6 za duka la jirani zinaingia kwenye tochi hiyo hiyo. Lakini angalia sana: kuna betri yenye umbo la AA kabisa iliyoandikwa 14500, ya volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Mbili zikiwekwa ndani ya tochi ya AA mbili ni volti 8.4, na saketi inaungua mara moja. Usikubali kuuziwa kwa maneno kwamba “hizi zina nguvu zaidi”. Ziko pia za lithiamu za volti 1.5 zinazochajiwa kwa waya wa simu. Hizo haziunguzi kitu, ila nyingi hutoa volti zile zile hadi mwisho kisha zinakata ghafla bila dalili. Kwa tochi ya njiani usiku sizipendi.

Ngazi za mwanga ziwe angalau tatu. Ya chini iwe lumeni 1 hadi 5, ya kuangalia mtoto bila kumwamsha au kutafuta ufunguo. Ya kati 30 hadi 60. Ya juu 200 hadi 300. Tochi yenye ngazi ya juu pekee itakumalizia betri kila siku. Ile hali ya kupepesa isiwe katikati ya mzunguko, kiasi cha kulazimika kuipita kila unapobadilisha. Kisha mulika mkono wako ukiutikisa kwenye ngazi ya chini: ukiona vidole vingi vilivyokatika-katika, saketi inapunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka, na macho yatachoka.

Rangi ya mwanga kwako ni muhimu kuliko kwa wengine, kwa kuwa unanunua samaki alfajiri pale sokoni. Mwanga mweupe wa kibluu, wa 6500 K (K, yaani kelvini, ni kipimo cha rangi ya mwanga), huwa na upungufu wa wekundu. Matamvua mekundu ya samaki mbichi yanaonekana yamefifia, na ya juzi unashindwa kuyatofautisha. Tafuta tochi iliyoandikwa 4000 hadi 5000 K na CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi. Utapoteza lumeni kidogo ukilinganisha na ya CRI 70, na ninaona hasara hiyo inafaa kabisa.

Kuhusu umbali, boksi likiandika FL1 maana yake wamefuata kipimo cha Kimarekani cha ANSI, kilichotoka mwaka 2009. Katika kipimo hicho lumeni zinapimwa kati ya sekunde 30 na 120 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka unahesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo “saa 5” zinaweza kuwa saa moja ya mwanga kweli na nne za kufifia. Mita za umbali nazo zinaishia pale mwanga unapokuwa luksi 0.25, sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Gawanya kwa mbili upate umbali wa kuona sawasawa. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe wenu wa Bagamoyo na njia za mchanga, mita 100 za kwenye boksi zinatosha. Tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma usichukue: ukivuta, mwanga mwingi unabaki ndani ya kichwa, na pale panaposuguliwa ndipo maji na chumvi vinapoingia.

Mwili uwe wa alumini. Kinga ya maji iwe IPX7, yaani mita 1 kwa dakika 30, au IPX8. IPX4 ni ya manyunyu tu. Vipimo hivyo ni vya maji yasiyo na chumvi. Ikidondoka baharini, isuuze kwa maji ya bomba ikiwa imefungwa, ikaushe, ndipo uifungue. Fungua mkia na utazame ule mpira wa duara: uwe mzima, laini, na umepakwa grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando huvimbisha baadhi ya mipira, kwa hiyo usiyatumie. Pwani yetu hii, hewa peke yake inatosha kula springi, basi kila mwezi futa meno ya kufungia kwa kitambaa, upake grisi chembe tu.

Kabla ya kulipa, iwashe ngazi ya juu dakika tatu. Mwili unatakiwa upate joto. Ukibaki baridi kabisa huku tochi inadaiwa kutoa lumeni 300, ama lumeni hizo hazipo, ama LED haijashikana na alumini na itaungua.

Ikianza kucheza-cheza baadaye, usikimbilie kwa fundi. Toa betri, futa ncha zake zote mbili. Futa ukingo mtupu wa bomba la tochi pale mkia unapogusa, kwa pamba na spiriti. Tazama ndani ya mkia: kuna pete yenye vitundu viwili, mara nyingi imelegea, ikaze kwa ncha za kibano. Bado? Vua mkia kabisa, chukua kipande cha waya, gusisha kitako cha betri na ukingo wa bomba. Ikiwaka vizuri, kitufe ndicho kibovu, na kitufe ni kitu cha kubadilisha. Isipowaka, tatizo liko kichwani. Ukikuta unga mweupe wa alkaline iliyovuja, utie siki au ndimu kidogo kwa kijiti cha pamba, utatoa povu. Sugua kwa mswaki wa zamani, maliza kwa spiriti, ukaushe kabisa. Usiuguse kwa vidole kisha ukajipangusa macho, unaunguza.

Ukiiona inayokaribia haya, nitumie picha mbili: mkia ukiwa wazi, na maandishi ya pembeni ya boksi. Nitakujibu siku hiyo hiyo kabla hujatoa pesa.

Nisalimie shemeji na watoto, na bibi mpe shikamoo yangu.

Wako,
Bakari